Sufuria ya Bibi

Mama mkwe wangu alizaliwa Kibokoni, ndani ya Mji wa Kale wa Mombasa, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Ngome ya Yesu, na alifika umri wa miaka 78 bila kuvuka kizingiti cha lango lake. Aliolewa akahamia Ukunda, akazaa, akalea, akazika mume. Kila alipokwenda Mombasa kuwatazama ndugu zake, alipita vichochoro vya nyuma asikutane na lango lile. Sisi wa nyumbani hatukuuliza. Tulidhani ni ile tabia ya wenyeji popote pale, kwamba kilicho mlangoni kwako huna haraka nacho.

Jambo jingine tulilolizoea bila kulitafakari ni kwamba mahali pale, ambapo Mombasa nzima hupaita Ngomeni, yeye alipaita Gerezani.

Agosti iliyopita, watoto wakiwa likizo, Salma wangu alitoa daftari lake la shule akatusomea baada ya chakula cha usiku habari za ngome: jinsi Waarabu wa Oman walivyoizingira mwaka 1696 na jinsi watu walivyojifungia humo ndani kwa miaka miwili na miezi tisa. Mdogo wake Idi aliacha mkono kwenye sahani. Miaka miwili na miezi tisa! Walikula nini? Tangu usiku huo nyumba haikutulia. Baba Salma ni fundi wa friji kwenye mahoteli ya Diani na Jumamosi ya mapumziko huipata kwa nadra, lakini alipoipata, akatangaza: kesho kutwa tunakwenda Ngomeni, asubuhi kwenda, jioni kurudi, nyumba nzima.

Nyumba nzima maana yake na Bibi. Nilidhani atakataa. Alikaa kimya kidogo, akasema, "Nitakuja. Nyinyi mtaingia, mimi nitawangoja nje." Kisha akaongeza, "Na Gerezani hakuendwi mikono mitupu. Nitapika."

"Bibi, si jela tena," Idi akamwambia. "Ni makumbusho."

"Nimesikia, mjukuu wangu. Nitapika."

Hapo mimi nikaingilia, na maneno yangu nayakumbuka yote. Nilimwambia asijisumbue, Mji wa Kale haukosi chakula, tutanunua viazi karai na madafu hapo hapo. Kubeba sufuria kwenye matatu na feri, na watoto watatu juu yake, ni kujitafutia tabu. Akanitazama kwa upole wake. "Mama Salma, wewe wafunge watoto viatu. Chakula niachie mimi."

Alfajiri ya Jumamosi niliamshwa na harufu ya iliki. Saa kumi na moja ilikuwa haijafika naye ameshakanda, ameshaumua, yuko mbele ya karai anageuza mahamri moja moja kwa mwiko. Kando yake palikuwa na sahani ya changu waliokatwa vipande, wamepakwa chumvi, ndimu na pilipili, wakingoja zamu ya mafuta. Nikamuuliza mbona hakupika wali, maana watoto wanapenda wali wake wa nazi kuliko kitu chochote duniani. Akasema, "Wali unachacha. Hiki ni chakula cha kungoja." Nikadhani anamaanisha safari na joto.

Mahamri 40, samaki vipande 12. Akavipanga katika sufuria yake kubwa, samaki chini wamefungwa kwenye karatasi, mahamri juu, akafunika, akaifunga sufuria yote kwa leso mafundo mawili, akaitia kwenye kikapu cha ukindu. Baba Salma alipofunga mlango akakuta mfuko wa suruali yake umetoboka, kwa hiyo ufunguo akautia kikapuni, juu ya leso. Mimi nikaona pochi yangu nayo itakuwa salama zaidi humo kuliko begani kwenye zile purukushani za Likoni. Chupa moja tu ya maji, ile ndogo ya nusu lita, ndiyo iliyobaki mkononi mwa Salma.

Matatu ilitupakia Ukunda, ikajaa, tukashuka Likoni saa tatu na nusu. Mwanakombo, mwenye miaka mitano, alikuwa amelala begani kwangu. Baba Salma alimshika mama yake mkono kumteremsha. Salma alimshika Idi. Lango la feri likafunguliwa, umati ukasukuma, na wajuao Likoni wanajua kwamba hapo huendi, unapelekwa. Abiria wa miguu hatulipi nauli, kwa hiyo hapakuwa na mahali pa kusimama tukahesabu tulicho nacho. Tuliingia. Feri ikanguruma, ikajitoa ukingoni. Tukafika katikati ya mkondo, meli kubwa ya makasha ikipita mbele yetu kuelekea Kilindini, ndipo Idi aliponivuta gauni.

"Mama, kikapu kiko kwa nani?"

Nikamtazama mume wangu. Naye akanitazama. Kila mmoja wetu alikuwa na hakika kabisa kwamba mwenzake ndiye aliyekibeba. Mimi ndiye niliyekisukuma chini ya kiti kwa mguu wangu mwenyewe, tulipopita Ng'ombeni, ili Mwanakombo apate pa kunyoosha miguu. Nikasema hivyo mbele ya wote, maana ndivyo ilivyokuwa. Ndani ya kikapu kile mlikuwa na chakula, ufunguo wa nyumba, kitambulisho changu na pesa zote isipokuwa zile za kwenye simu ya Baba Salma.

Nilitegemea Bibi ataniambia neno, na ningelistahili. Hakusema. Aligeuka akaelekea ng'ambo tulikotoka, akashika chuma cha feri, na nikaona midomo yake inatikisika kama mtu anayesoma dua. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kwa mahamri? Nikajiuliza, nikaona haya kwa kujiuliza.

Baba Salma alitaka kurudi na feri ile ile, lakini mama yake akamwambia awafikishe watoto kwanza. Tukapanda tuktuk hadi Ngomeni. Akalipa kiingilio kwa simu yake, kwa watu watano, maana yeye mwenyewe hangeingia. Akatuachia watoto, akaondoka mbio kwenda kukitafuta kikapu.

Nje ya lango jua lilikuwa limeshawaka. Bibi akaangaza kivuli, akaona jiwe, akasema atakaa hapo. Nikatazama jiwe, nikatazama jua, nikatazama lile lango ambalo watoto walikuwa wameshaanza kupotelea ndani yake. "Mama," nikamwambia, "mimi siwezi kuwa pande mbili za ukuta. Wewe ukibaki, nami nabaki, na watoto wataingia peke yao." Aliwaza kwa muda mrefu. Mwishowe akanyoosha mkono. "Basi nishike," akasema.

Tukaingia tumeshikana. Njia ya langoni ni giza na baridi, imepita chini ya unene wa ukuta, na ukitoka upande wa pili jua linakupiga machoni kwa ghafla. Niliuhisi mkono wake ukibana wangu mpaka pete ikaniuma, ukalegea tulipotokea uwanjani. Alisimama akatazama huku na huku. Mizinga imelala kwenye magari yake. Miti michache. Watoto wa shule fulani wamepiga mistari. Paka.

"Ndiyo hii?" akauliza.

Ndiyo hiyo. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na kuimaliza 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, wakaisimamisha juu ya mwamba wa matumbawe mlangoni mwa bandari. Mchoro wake unafanana na mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Salma aliyajua yote hayo, akatuongoza daftari likiwa mkononi kama mtembezaji wa miaka mingi. Alituonyesha mabaki ya kanisa uwanjani, nikapata nafasi ya kuwaambia watoto kitu ambacho daftari halikuwa nacho: neno letu gereza limetoka kwa Wareno, na kwao lilikuwa na maana ya kanisa. Wao walisali ndani ya ngome. Sisi tukaliona jengo lenye kuta na askari langoni, tukalichukua neno, na maana yake ikawa ile tuliyoiona kwa macho.

Tulimkuta Idi mbele ya picha ambazo askari Wareno walizichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu, miaka karibu 400 iliyopita. Meli zenye matanga, samaki, watu. Zilibanduliwa ukutani zikahifadhiwa, na unaweza kuzisogelea kabisa. Kuna mistari ya matanga iliyovutwa kwa uangalifu, kamba kwa kamba, na mkono ule ule ukachora watu wenye vichwa kama vya watoto wa chekechea. Idi alisema aliyechora alikuwa anaijua meli kuliko watu. Mimi nilidhani alikuwa anaitamani.

Saa sita kasorobo maji yakawa nusu chupa. Mwanakombo alikuwa ameamka akidai maji na hamri, hasa hamri. Sina pesa, simu yangu haina kitu, Baba Salma hapatikani kwa sababu yuko kwenye feri au kwenye kelele za Likoni. Nikakaa nao kivulini, nikachukua kifuniko cha chupa, nikaanza kugawa. Kifuniko kimoja kwa Mwanakombo, kimoja kwa Idi, kimoja kwa Salma, viwili kwa Bibi. Bibi akavirudisha viwili vyote kwa Mwanakombo. Nikamimina tena, akarudisha tena.

Na mahali nilipokuwa nimekaa nagawa maji kwa kifuniko, mbele yangu palikuwa na birika. Ni shimo kubwa lililochimbwa kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mapaa. Nimesoma habari za kuzingirwa kwa ngome mara nyingi, mimi ni mwalimu, na kila mara nilizisoma kama habari za mizinga na majemadari. Siku ile nilizisoma kwa koo kavu.

Jeshi la Imamu Saif bin Sultan lilifika Mombasa Machi 1696. Ndani ya ngome askari Wareno walikuwa baina ya 50 na 70 tu. Waliobaki, mamia kadhaa, walikuwa watu wa pwani hii hii waliokuwa upande wao. Msaada ulikuja Desemba, lakini nyuma ya msaada yakaja maradhi, na kufikia Julai 1697 Mreno hata mmoja hakuwa amebaki hai. Salma alisoma kutoka daftarini, kidole kikifuata mstari: ngome ilikuwa mikononi mwa Sheikh Daud wa Faza, watu 17 wa ukoo wake, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50.

"Rudia," nikamwambia.

"Wanawake 50."

Walikuwa wengi kuliko wengine wote wakiunganishwa pamoja. Kwa miezi miwili, mpaka meli nyingine ilipofika Septemba, wao ndio waliokuwa ngome. Nilikuwa nimeipita hesabu hiyo mara ngapi bila kuiona? Sasa nilikuwa na chupa ya robo lita na watoto watatu, nami nikawaona. Niliona ndoo ikishuka kwenye lile shimo. Niliona mtu mmoja miongoni mwao ambaye kila asubuhi alipaswa kuangalia maji yameshuka mpaka wapi, akahesabu vinywa, akapiga hesabu ya siku bila kumwambia mtu. Sijui kazi gani katika vita inashinda hiyo kwa uzito. Wengine wote wangeweza kusinzia zamu moja. Yeye je?

Nikawa nasema haya kwa sauti, watoto wakisikiliza, na Bibi akisikiliza kuliko watoto. Ndipo adhana ya adhuhuri ilipoanza. Ilianza msikiti mmoja wa Mji wa Kale, ukafuata mwingine, sauti zikapanda juu ya kuta na kumiminika uwanjani. Bibi akasimama ghafla. Akaweka mkono kifuani.

"Alisema kweli," akasema. "Alisema zinasikika."

"Nani, Mama?"

"Baba yangu."

Ikabidi nimkalishe. Na hapo, chini ya ukuta, katika familia ambayo nimeolewa miaka 16, nikasikia kwa mara ya kwanza kwamba baba yake Bibi alifungwa ndani ya ngome hii. Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895, ikawa jela mpaka 1958, hayo nilifundisha darasani. Kwamba mmoja wa wafungwa wake alikuwa babu wa mume wangu, sikuambiwa na mtu. Ilikuwa 1956, Bibi ana miaka tisa. Baba yake alikuwa na kiduka, akadaiwa, akashindwa kulipa, maneno yakawa mengi, akapigana na aliyemdai, akahukumiwa miezi sita.

Siku ya kwanza mama yake alipika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Akaufunga kwenye sufuria, akamshika binti yake mkono, wakaja mpaka langoni. Askari akawaambia hakipokelewi chakula cha nyumbani. Mama akasema atangoja, labda mkubwa wa askari akija ataona huruma. Wakangoja. Wakangoja asubuhi, wakangoja adhuhuri, wakangoja alasiri. Jua lilipotua wakarudi nyumbani na sufuria yao. Mama akafungua kifuniko, na harufu ya wali uliochacha ikajaa chumba. Hakuna aliyekula usiku ule. Mama hakuumwaga pia. Aliufunika tena, akaiweka sufuria kwenye pembe ya chumba mpaka kesho yake.

"Alipotoka," Bibi akasema, "nilimuuliza, baba, ulikuwa ukitusikia? Akaniambia, sauti zenu sikuzisikia, lakini adhana niliisikia, na nilijua nanyi mnaisikia. Mimi sikumwamini. Nilidhani ananibembeleza. Kuta zile, nikasema, adhana itapita wapi?"

Niliinamisha kichwa. Nilikuwa nimekidharau chakula kile, kisha nikakisahau chini ya kiti.

Mlinzi mmoja wa makumbusho, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, alikuwa amesimama karibu nasi. Bibi akamuuliza wafungwa walikuwa wakilala wapi. Akanyoosha mkono wake wote, polepole, toka pembe moja ya uwanja hadi ya pili. "Humu humu, Bi mkubwa. Wote walikuwa humu humu." Kisha akaenda, akarudi na kopo la maji baridi na kikombe, akavitua mbele yetu bila maneno. Tulikunywa. Safari hii Bibi hakukirudisha kikombe.

Baada ya hapo alitaka kuona kila kitu. Yeye ndiye aliyekuwa mbele. Tuliona nyumba waliyoijenga Waomani juu ya boma, tuliona maandishi yaliyochongwa kwenye mbao ya zama za ukoo wa Mazrui, tuliona vyombo vya udongo na sahani za Kichina, na vitu vilivyotolewa chini ya bahari, kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome Oktoba 1697 ikiwa imeleta msaada. Wazamiaji waliifanyia kazi miaka ya 1970. Salma akaufunga usomaji wake: asubuhi ya tarehe 13 Desemba 1698 Waomani waliingia, na ndani walikuwa wamebaki watu kama kumi tu. Juma moja baadaye meli nyingine za msaada zikatokea baharini, zikaona bendera si yao.

"Juma moja tu?" akauliza Idi. Alikwenda akasimama kwenye upenyo wa ukuta unaotazama bahari, akakaa pale muda mrefu, kama anayedhani akitazama sana ataziharakisha.

Baba Salma alitokea saa tisa, shati limelowa, mikono ina madafu matano na haina kikapu. Habari yake ilikuwa hivi: matatu yetu, ilipotushusha tu, ilikodiwa na watu wa msiba kuwapeleka Msambweni kuzika. Makanga wake simu yake ilikuwa imezimwa. Vijana wa stendi walimjua, wakasema ni mtu wa Ukunda, anaishi nyuma ya soko, na gari usiku litalala Ukunda. Mume wangu aliuliza kila aliyevaa shati la stendi, mpaka mmoja akamwambia, "Mzee, nenda kapumzike, kikapu kikiwa kwenye gari lile hakitapotea."

Tukanywa madafu. Mume wangu alimkuta mama yake ndani, amekaa juu ya mzinga, miguu inaning'inia, anamwonyesha Mwanakombo bahari. Alitaka kusema neno. Nikamkanyaga mguu. Nilimsimulia baadaye, kwenye feri, nikamnong'oneza, naye akasikiliza akiyatazama maji. Jina la babu yake alikuwa nalo yeye mwenyewe, amepewa, na habari ya kifungo kile hakuijua.

Feri ya jioni ilikuwa na watu wengi kuliko ya asubuhi. Matatu za Ukunda zilikuwa chache, tukasimama foleni, tukapata moja saa moja ya usiku. Nilikuwa nimeshaanza kupanga tutalala kwa nani, nani tumgongee atupe nyundo ya kuvunjia kufuli.

Tuliposhuka stendi ya Ukunda, gari lilikuwa limeegeshwa pembeni, taa zimezimwa. Kwenye ngazi ya mlango alikuwa amekaa kijana mwembamba, kikapu kiko baina ya miguu yake, mikono ameizungusha kama mtu aliyepakata mtoto. Leso ilikuwa na mafundo yake mawili. Ufunguo juu yake. Pochi juu yake.

Alisimama alipotuona. "Mama, samahani, simu iliishiwa chaji. Nilikiona tulipofika Msambweni. Nilikivuta mbele nikakaa nacho." Nikafungua pochi ili nimpe chochote. Akarudi nyuma, akatikisa kichwa.

Bibi ndiye aliyemuuliza. "Umekula nini leo, mwanangu?"

Kijana akacheka kidogo. Akasema msibani alipewa chai asubuhi, kisha gari likawa na safari mbili za kurudisha watu, kisha akaona akienda kula ataacha kikapu na nani.

"Na chakula kimo humu, unakisikia harufu siku nzima."

"Chakula cha watu, Bibi."

Bibi akaketi kwenye ngazi ile ya matatu. Akafungua fundo la kwanza, likakataa kidogo, akalishika kwa meno. Akafungua la pili. Akainua kifuniko, akainamia sufuria akanusa, kwa muda mrefu, macho amefumba. Harufu ilikuwa ya iliki na ndimu, safi kabisa. Akatandika leso kwenye saruji, akaweka karatasi ya samaki katikati, akazungusha mahamri.

"Kaa," akamwambia kijana. "Kaa ule. Mama Salma, mkaribishe dereva. Na yule pale, na yule. Ita watu."

Nikaita watu. Dereva alikuja akipangusa mikono. Walikuja makanga wawili wengine, na mama anayeuza njugu, na mlinzi wa duka la simu ambaye alileta birika la chai ya rangi. Watoto wangu walikula wamekaa chini kama hawajawahi kuona hamri. Mahamri yalikuwa yamekaza kidogo kwa kulala, na ukichovya moja kwenye chai lilikuwa linalainika likibeba ile pilipili ya samaki iliyobaki kidoleni. Bibi hakula mpaka alipoona kijana ameshika la nne. Ndipo akachukua lake, akalikata katikati, nusu akanipa mimi.

Karatasi ilipobaki mifupa, akaichungulia sufuria. Mlikuwa na chembe chembe za hamri na doa la mafuta. Akapitisha kidole chake ndani, mzunguko mmoja, akakitazama.

"Imekwisha," akasema.

Akakung'uta leso, akajifunga. Baba Salma akachukua ufunguo, Idi akadai kubeba kikapu, tukashika njia ya nyumbani kwenye giza, sufuria tupu na kifuniko chake vikigongana humo ndani kila Idi alipopiga hatua.